Mashine yetu hufika mwisho mara moja kwa tano: tupunguze hatua au tuongeze uzito?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi sita tunaojenga mashine ya mfululizo kwa ajili ya mashindano ya uhandisi: gololi inaangusha domino, domino zinafyatua mtego, mtego unavuta uzi, na kuendelea hivyo hadi bendera ipande juu ya mlingoti. Tuna hatua 20. Tukiitega vizuri karakana, inafika mwisho bila kuguswa kama mara moja katika majaribio matano, na kinachotuchosha ni kwamba kila mara inakwama mahali tofauti. Kuitega upya kunatuchukua dakika 20 hivi. Zimebaki wiki tano. Kanuni zinaturuhusu kushuka hadi hatua 16. Je, tupunguze hatua, au tubadilishe gololi zote tuweke nzito zaidi?

Jibu: Marahaba, nahodha. Nianze na hilo linalowachosha, kwa sababu jibu limo humo humo. Mashine kukwama mahali tofauti kila mara si dalili ya hitilafu moja inayohamahama. Ni dalili kwamba karibu kila hatua ina udhaifu wake mdogo, na siku hiyo umejitokeza wa yeyote kati yao.

Mashine ya hatua 20 hufika mwisho pale tu zote 20 zinapofaulu, kwa hiyo nafasi yake hupatikana kwa kuzidisha nafasi ya kila hatua na ya nyingine zote. Anzeni na ile mara moja kwa tano kisha mrudi nyuma: mtakuta kila hatua yenu, kwa wastani, inafaulu mara 92 katika 100. Mtu akiijaribu hatua kama hiyo peke yake mezani mara tano au sita ataiona nzima na kuhamia nyingine. Ndivyo hatua 20 zinazoonekana nzima zinavyozaa mashine inayoshindwa mara nne kwa tano.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali lenu la kwanza. Mkishuka hadi hatua 16 bila kurekebisha kitu kingine, mtatoka asilimia 20 na kufika kama 28 tu. Mkibaki na 20 lakini kila moja ikapanda kutoka 92 hadi 98 kwa 100, mtafika asilimia 67. Ikipanda hadi 99, asilimia 82. Kwa hiyo msipunguze sasa. Ule uhuru wa kuondoa hatua nne utunzeni hadi wiki ya nne: hatua ambayo hadi hapo bado inasumbua, iondolewe bila huruma.

Sasa tuje kwenye kiini. Kinachoangusha mashine hizi mara nyingi si hatua yenyewe, ni makabidhiano kati ya hatua na hatua. Domino ikishaanza kuanguka itaanguka, uzito ukishaachiwa utashuka. Shida iko pale nguvu inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Na kanuni ya makabidhiano ni hii: kila hatua iwe na hazina yake ya nishati, mliyoiweka ninyi kwa mikono wakati wa kutega, iwe ni uzito ulioinuliwa, springi iliyokazwa au mpira uliovutwa. Hatua iliyotangulia ibaki na kazi moja tu, kufyatua. Mkitegemea nishati ya gololi ya kwanza isafiri hadi bendera, itafia njiani, kwa kuwa kila mgongano na kila msuguano unakata fungu lake.

Halafu ufyatuaji wenyewe uwe na akiba. Akiba ni uwiano kati ya nguvu inayofika na nguvu ndogo kabisa inayotosha kufyatua. Hiki ndicho kipimo ninachotaka kila mmoja wenu akijue kwa kila hatua anayoisimamia, kwa sababu kuhesabu mafanikio peke yake kunadanganya. Hatua inayoshindwa mara moja kwa kumi ina nafasi ya asilimia 35 ya kupita majaribio kumi mfululizo bila kosa. Ili kuiumbua kwa kuhesabu mnahitaji kama majaribio 30 mfululizo, na kwa ile inayoshindwa mara moja kwa mia mnahitaji kama 300. Wiki tano hazitoshi. Akiba mnaipima kwa dakika kumi.

Inapimwa hivi. Chukueni hatua inayoanzishwa na gololi inayoteremka kutoka kimo cha sentimita 10. Iachieni kutoka sentimita 8, kisha 6, kisha 4, kisha 3, mara tatu kwa kila kimo, hadi mfike mahali hatua inaanza kukataa. Kwa kuwa nishati ya gololi inakwenda sambamba na kimo inakotoka, vimo mnaweza kuvigawanya moja kwa moja: ikikataa chini ya sentimita 3, akiba ni kama 3, ikikataa chini ya 8, akiba ni 1.25 na hapo mmemkamata mmoja wa wahusika. Kwa hatua inayovutwa na uzito, punguzeni uzito washa (visahani vya chuma vyenye tundu) moja baada ya nyingine. Kwa inayovutwa na uzi, pimeni kwa mizani ya springi nguvu inayohitajika, kisha nguvu inayopatikana. Lengeni akiba ya 3 kwa kila makabidhiano, na 5 pale panapohusika msuguano, kwa sababu msuguano ndio unaobadilika kuliko vyote: vumbi, unyevu, jasho la vidole, mbao iliyovimba.

Upande wa pili pia upimwe. Hatua isiwe nyepesi kufyatuka kiasi kwamba mlango ukigongwa inaondoka yenyewe. Pigeni meza kwa kiganja, karibu kabisa na hatua iliyotegwa, kwa nguvu kama ya mtu anayeweka begi zito. Ikifyatuka, ongezeni ugumu wa kifyatulio na muongeze pia nguvu inayokijia. Njia hapa ni kukuza vyote viwili pamoja, wala si kutafuta ncha ya kisu katikati.

Tuchukue makabidhiano moja tuyatazame kwa karibu, kwa sababu yana jibu la swali lenu la gololi nzito. Tuseme mna nyundo: fimbo ya sentimita 30 iliyobanwa kwa chini kwenye ekseli, juu yake kuna uzito wa gramu 200. Mnaisimamisha ikiwa imelala nyuzi 3 (yaani digrii 3) nyuma ya wima, ikiegemea kizuizi. Ikisukumwa ivuke wima inaangukia upande wa pili na kutoa takriban jouli 0.59. Kuivusha wima kunahitaji kuuinua ule uzito milimita 0.4 tu, yaani jouli 0.0008. Ni hatua nzuri sana: unatoa kidogo, unapata mara 700.

Sasa gololi ya chuma ya kipenyo cha milimita 16, yenye gramu 17, inateremka kimo cha sentimita 10 na kuigonga nyundo hiyo karibu na kichwa. Gololi inafika na jouli 0.017, kwa karatasi ni mara 20 ya kinachohitajika. Mnatega, mnajaribu, na nyundo inatikisika tu kisha inarudi kwenye kizuizi. Kwa nini? Kwa sababu kitu chepesi kikigonga kizito, nishati nyingi haihami. Kama mgongano ni mfu, usio na mruko, kinachobaki kwenye mwendo ni uwiano wa gramu 17 kwa jumla ya gramu 217, yaani asilimia 8: jouli 0.0013. Akiba yenu iliyoonekana 20 imeshuka hadi 1.6, na hapo bado hatujatoa msuguano wa ekseli wala ile sehemu ya nishati iliyomo kwenye kuzunguka kwa gololi, ambayo ni mbili ya saba. Hatua ya namna hii itafaulu mchana na kukataa jioni.

Gololi nzito itasaidia kidogo. Ya milimita 24 ina kama gramu 57, na fungu linalohama linapanda hadi asilimia 22. Lakini gololi hiyo hiyo itapinda reli za kadibodi, itaruka kwenye kona, na itakuja na kishindo kinachotikisa domino za jirani. Mtakuwa mmetibu hatua moja na kuumiza tatu. Dawa ni kuacha kutumia pigo na kutumia uzito.

Tengenezeni wenzo wa umbo la L. Mkono mrefu, sentimita 12, umelala na una kikombe kwenye ncha. Mkono mfupi, sentimita 4, unaelekea chini na ncha yake inagusa mgongo wa nyundo karibu na kichwa. Gololi inaingia kwenye kikombe na kutulia, kikombe kinashuka sentimita 8, mkono mfupi unasukuma. Gololi ile ile ya gramu 17 sasa inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 51, wakati nyundo inahitaji kama gramu 10 tu kuanza kuondoka kwenye kizuizi chake. Ncha inasafiri kama sentimita 2.6, na kichwa cha nyundo kinahitaji 1.6 kufika wima. Akiba ya nguvu ni karibu 5, na ya mwendo ni 1.6. Angalieni zote mbili kila mara. Wengi hukokotoa nguvu wakasahau mwendo, kisha wenzo unafika mwisho wa safari yake huku nyundo imebakiza milimita tatu. Kikombe kitupu kisawazishwe na washa upande wa pili wa ekseli hadi kirudi juu chenyewe taratibu. Kikirudi kwa nguvu, washa zimezidi na zinakula akiba yenu.

Faida nyingine ya uzito ni kwamba haujali gololi imefika kwa kasi gani. Ikija polepole kwa sababu reli ina vumbi, ikishaingia kikombeni kazi ni ile ile. Kwa hiyo pitieni hatua zote 20 na muweke alama kila mahali ambapo kitu chepesi kinapiga kizito. Hapo ndipo pa kuanzia.

Domino ni tofauti kwa kuwa zenyewe ni vyanzo vya nishati: kila moja imesimama, na ikiguswa inatoa zaidi ya ilichopokea. Mwaka 1983 mwanafizikia Lorne Whitehead alieleza mfululizo wa domino ambamo kila moja ni kubwa mara 1.5 ya iliyotangulia kwa urefu, upana na unene, na bado ndogo inaiangusha kubwa. Kwenye uzito hiyo ni karibu mara 3.4 kwa kila hatua, kwa hiyo domino nne au tano za mbao zilizokatwa kwa uwiano huo zinatoka kwenye mguso wa kidole hadi kitu kinachoweza kufungua komeo zito, ndani ya nusu mita. Ni njia safi ya kupandisha nguvu bila uzi wala springi. Kateni kwa msumeno wenye kizuizi ili pembe ziwe mraba kamili. Domino yenye kitako kilichopinda itaegemea upande na kuanguka mshazari. Kumbukeni tu kwamba waamuzi wengi huhesabu mstari wa domino zinazofanana kuwa hatua moja, hata ziwe mia.

Nyuzi ndizo zinazoniletea wasiwasi zaidi katika orodha mliyonieleza. Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki unavutika, na ukiachwa umekazwa usiku kucha asubuhi ni mrefu zaidi. Hatua iliyopangwa kwa milimita itakuwa imepotea bila mtu kuigusa. Tumieni uzi wa poliesta uliosukwa. Kila uzi ukatwe kwa urefu wake, ncha moja kitanzi, ncha nyingine ipite kwenye skrubu ya jicho na kufungwa kwa fundo linaloweza kukazwa kidogo kidogo. Usipite kona ya mbao. Wekeni kapi dogo, maana uzi ukizunguka kona kavu unapoteza sehemu kubwa ya mvuto na upotevu wenyewe haufanani siku na siku. Na uachwe ulegee milimita 5 hadi 10 kabla ya kuvuta. Uzi uliokazwa barabara wakati wa kutega unafyatua hatua pale mwenzako anapoegemea meza.

Kwenye reli, kosa la kawaida ni mteremko mdogo mno. Sentimita 5 kwa mita ni nyuzi 3, na gololi inakwenda vizuri karakana. Ukumbini mnapewa meza iliyoinama nyuzi 1, ambayo ni sentimita 1.7 tu kwa mita, jicho halioni. Theluthi moja ya mteremko wenu imeondoka. Pandisheni reli zote ziwe na sentimita 9 kwa mita, nyuzi 5 hivi, na pale gololi inapokwenda kasi mno wekeni kipande cha kitambaa cha sufu mwishoni kiipokee badala ya kupunguza mteremko. Chini ya kila kitako, yaani ubao unaobeba sehemu ya mashine, wekeni bolti nne za M8 (unene wa milimita 8) ziwe miguu: mzunguko mmoja wa bolti ni milimita 1.25, kwa hiyo mkiwa na pimamaji mnasawazisha kitako ndani ya dakika moja.

Umeme niuguse kwa ufupi, kwa kuwa hukosewa kwa njia chache zilezile. Pini ya ubao wa Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuongoza mota na swichi) haifai kudaiwa zaidi ya miliampea 20, na koili ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ndogo ya volti 5 inakula kama 70; wekeni transista katikati, na dayodi sambamba na koili. Mota ya sevo (mota inayogeuka hadi pembe inayoamriwa) ipewe betri zake, nne za AA, na hasi ya betri hizo iunganishwe na hasi ya ubao. Sevo ikila kwenye ubao, volti zinaporomoka inapoanza kuzunguka, ubao unajizima na kuanza programu upya, na ninyi mnaona hatua "imekataa". Betri ya mraba ya volti 9 haina nguvu ya kuendesha mota, hata ikiwa mpya. Kosa la mwisho ni la programu. Gololi inayokwenda mita 1 kwa sekunde hupita juu ya ulimi wa swichi wenye milimita 5 ndani ya milisekunde 5. Programu inayosoma swichi kila baada ya milisekunde 100 itaikosa karibu mara 19 katika 20. Gololi isipite juu ya swichi. Ije isimame juu yake na uzito wake uibonyeze, na swichi iwe na ulimi mrefu ili gramu 17 zitoshe. Sensa za mwanga ziwekeni ndani ya kijumba cheusi, maana taa za ukumbi si taa za karakana.

Maji, mchanga na vitu vinavyotoa povu huvutia watazamaji, lakini muda wao unabadilika na kusafisha kunakula muda wa kutega. Moja inatosha, na iwe mahali ambapo kuchelewa kwa sekunde tano hakuharibu kitu. Moto msiufikirie kabla ya kusoma kanuni zenu neno kwa neno.

Nimeona mnaitega kwa dakika 20. Hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Kwa kipindi cha saa mbili mnapata majaribio sita, na hakuna timu inayojifunza kwa majaribio sita. Ikishuka hadi dakika sita mnapata 20. Kwa hiyo wiki ya kwanza msirekebishe chochote kabla ya kurahisisha utegaji. Chorea kila kitu kinachosimama mstari wa wino chini yake, mahali pake halisi. Tengenezeni kigezo cha plaiwudi chenye mapengo ya domino: unakiweka, unapanga, unakitoa. Kila uzito uwe na ndoano na kulabu yake, hakuna kufunga fundo wakati wa kutega. Gawaneni mashine sehemu tatu, watu wawili kila sehemu, mmoja anasoma orodha kwa sauti na mwingine anagusa kitu na kujibu. Anayesoma hategi, anayetega hasomi.

Kila hatua yenye nishati iwe na pini ya usalama inayoizuia hata ikifyatuliwa. Skrubu ndefu au msumari uliofungwa utepe mwekundu unatosha. Toboeni ubao mdogo wenye matundu 20 yenye namba. Pini ikitoka kwenye hatua ya 7 inaingia tundu la 7. Kabla ya kuanza nahodha anatazama ubao tu: tundu tupu maana yake pini bado iko ndani ya mashine. Mnazitoa kuanzia hatua ya 2 kuelekea ya 20, kwa sababu mkono ukiteleza kwenye hatua ya 9, ya 10 bado imezuiwa na mnatega upya moja badala ya kumi na mbili. Pini ya hatua ya 1 inatoka mwisho kabisa.

Andikeni kila jaribio katika daftari moja: hatua iliyokwama, na imekwamaje. Kuna namna tatu: haikufyatuliwa, ilifyatuliwa ikashindwa kumaliza, au ilifyatuka kabla ya zamu yake. Ya kwanza ni akiba ndogo upande wa kifyatulio. Ya pili ni hazina ndogo au msuguano ndani ya hatua. Ya tatu ni mtikisiko au kifyatulio chepesi. Bila kutofautisha, mtu anaongeza uzito kwenye hatua ambayo tatizo lake ni kufyatuka mapema, na inazidi kuharibika. Simu yenye kurekodi picha 120 au 240 kwa sekunde, ikiwekwa kwenye stendi mbele ya makabidhiano yanayosumbua, inamaliza ubishi wote. Mara nyingi mtaona gololi ikiruka milimita chache kwenye maungio ya reli, kitu ambacho macho hayawezi kukinasa.

Jengeni juu ya vitako vya plaiwudi ya milimita 12, ukubwa ambao watu wawili wanabeba na unapita mlangoni, sentimita 60 kwa 80 kwa mfano. Vitako vishikane kwa vijiti viwili vya mbao vinavyoingia kwenye matundu, kisha vibanwe kwa jiriwa. Mpaka wa kitako na kitako uvukwe na gololi inayodondokea kwenye faneli pana, kamwe si uzi na kamwe si domino. Faneli ya kipenyo cha sentimita 8 inasamehe vitako vikipishana sentimita moja au mbili. Domino hazisamehi hata milimita tano za kimo.

Kuhusu wiki tano zenu: ya kwanza ni utegaji, daftari, na kupima akiba ya hatua zote. Mtapata, nina hakika, hatua tano au sita zenye akiba chini ya 2. Wiki ya pili na ya tatu ni kujenga upya makabidhiano ya hizo tu. Zenye akiba ya 3 msiziguse hata kama mna wazo zuri zaidi. Mwisho wa wiki ya nne fungeni kabisa mabadiliko. Wiki ya tano ibomoeni mashine, ibebeni ngazi juu na chini, iungeni upya kwenye meza nyingine, na muendeshe. Fanyeni hivyo angalau mara tatu, kwa kuwa mashine ambayo haijawahi kuhama karakana itajaribiwa kuhama siku ambayo hamna nafasi ya kukosea. Gundi ya moto kwenye chuma na plastiki laini ndiyo huachia kwanza safarini. Pale penye mzigo wekeni skrubu na washa.

Mkishaipata mashine inayofika mwisho mara nane kwa kumi, rudini kwenye uzuri wake. Rube Goldberg, mchoraji katuni wa Marekani (1883–1970) ambaye mashine hizi huitwa kwa jina lake, alisomea uhandisi kabla ya kuchora, na kwenye michoro yake mtu anaweza kufuata kwa macho kila kinachosababisha kingine. Mashindano ya Chuo Kikuu cha Purdue yaliyoanza 1949 yalitokana na michoro hiyo. Waamuzi wanataka kuelewa kinachotokea, kwa hiyo hatua mbili zisitukie kwa pamoja pande mbili za meza, na kila makabidhiano yawe upande wa mbele, wazi. Badilisheni pia aina: wenzo, kapi, sumaku, hewa, umeme. Gololi sita zinazoangukia vikombe sita ni hatua sita kwa hesabu, lakini kwa mwamuzi ni wazo moja.

Siku yenyewe, fikeni na washa za ziada, nyuzi zilizokatwa tayari mara mbili, betri mpya ambazo hazijafunguliwa, kitambaa kikavu cha kufuta reli na gololi (jasho la vidole ni gundi), msasa laini na pimamaji. Kwanza sawazisheni vitako, kisha rudieni jaribio la akiba kwa hatua tatu zilizokuwa dhaifu zaidi kwenye daftari, kabla ya kutega zote.

Na mkubaliane mapema nani anagusa mashine ikikwama, kama kanuni zinaruhusu kugusa kwa kukatwa alama. Awe mtu mmoja, amesimama mahali anapoifikia mashine yote, na ahesabu polepole hadi tatu kabla ya kunyoosha mkono, maana hatua nyingi zinazodhaniwa zimekwama zimechelewa tu. Akigusa, asiisukume ile iliyokwama. Afyatue kwa kidole kifyatulio cha hatua inayofuata, kwa kuwa hiyo ina hazina yake na itaendelea, wakati ile iliyokwama huenda imepinda au imeachia gundi, na kuisukuma kutakula mguso wa pili.